Kula Nje Jijini Dar es Salaam: Mwongozo kwa Mgonjwa na Mhudumu wa Afya

Agizo la "usile vyakula vya nje" husikika karibu kila siku katika kliniki za kisukari, shinikizo la damu na figo. Ni agizo fupi, lina nia njema, na kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam halitekelezeki. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wao hutoka Mbagala, Gongo la Mboto au Mbezi kabla jua halijachomoza, na hurejea nyumbani usiku. Mlo wao wa mchana, na mara nyingi hata kifungua kinywa, huliwa kwa mama lishe, kibandani, mgahawani au kituoni.

Lipo pia kundi la wagonjwa wa rufaa wanaofika kutoka mikoani kutibiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Taasisi ya Mifupa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wao na ndugu wanaowauguza huishi jijini kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na wengi hawana jiko. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa asile nje, hubakiwa na njia tatu: kushinda na njaa, kula kisha kumficha daktari, au kuacha kuhudhuria kliniki. Kwa anayetumia insulini, njia ya kwanza inaweza kumpotezea fahamu siku hiyo hiyo. Njia mbili zilizobaki humdhuru polepole.

Makala haya yanapita katika sehemu zinazojulikana za kula jijini, kuanzia meza za mama lishe hadi migahawa ya katikati ya mji, na kueleza katika kila mahali mgonjwa aagize nini, apunguze nini na aepuke nini. Lengo si kumnyima mtu ladha za jiji lake. Chakula kina hadhi yake katika maisha ya binadamu, na mgonjwa anayekula kwa furaha huyashika masharti yake kwa muda mrefu kuliko anayekula kwa hofu.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Kwa hiyo katika kila meza ya mama lishe yenye wateja wachache tu, kuna uwezekano mkubwa wa kuwapo mtu anayehitaji kuangalia kinachowekwa katika sahani yake, ajue au asijue.

Chakula hakiwi kibaya kwa sababu kimepikwa nje ya nyumba. Kinachodhuru ni mambo manne: wingi wa wanga na mafuta, wingi wa chumvi, uchafu unaoleta vimelea, na mlo usiokwenda na wakati wa dawa. Mambo haya hupatikana hata nyumbani. Tofauti ni kwamba anayekula nje hashiki mwiko, hivyo silaha yake kubwa ni namna anavyoagiza.

Kwa mama lishe

Jina la zamani la biashara hii ni mama ntilie, kutokana na ombi la mteja anayesogeza sahani yake: "Mama, nitilie." Sufuria za mama lishe hupatikana Kariakoo, Ilala, Buguruni, Tandika, Mwenge na karibu na kila eneo la ujenzi. Chakula chake ni wali, ugali, ndizi, maharage, samaki, dagaa, nyama ya mchuzi na mboga za majani.

Kwa mgonjwa wa kisukari au wa moyo, hapa ndipo mahali penye nafasi kubwa ya kula vizuri kwa gharama ndogo. Maharage yana protini na nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hizo huchelewesha sukari kuingia katika damu. Mchicha, matembele na kisamvu hujaza tumbo bila kupandisha sukari kwa kasi. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao huongeza madini ya kalsiamu.

Kasoro ya sahani ya mama lishe ni mgawanyo wake: mlima wa wali, na mboga kidogo pembeni. Kanuni inayofundishwa katika kliniki nyingi ni kuigawa sahani hivi: nusu iwe mboga, robo iwe protini kama maharage, samaki au nyama, na robo iliyobaki iwe wanga. Mgonjwa hahitaji kupima kwa mizani. Anahitaji sentensi moja tu: "Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga na maharage." Mama lishe humjua mteja wake wa kila siku, na baada ya siku tatu hataulizwa tena.

Anayeweza kuchagua kati ya ugali wa sembe na wa dona ni heri achague dona, kwa kuwa hubaki na kiini na pumba ya nafaka. Hata hivyo dona nalo ni wanga, na bonge kubwa la dona litapandisha sukari. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kiasi hicho hujumuisha chumvi ya mchuzi, ya mboga, ya mkate na ya vitafunio. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi mezani, na aombe mchuzi kidogo, kwa sababu chumvi nyingi ya chakula imo ndani ya mchuzi.

Supu ya asubuhi

Katika mitaa mingi siku huanza kwa supu: ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku wa kienyeji au ya makongoro, ikiandamana na chapati au ndizi za kuchemsha, na limau pembeni. Limau na pilipili huongeza ladha bila kuongeza chumvi. Chapati moja ina unga na mafuta ya kutosha. Mbili pamoja na chai yenye sukari ni mzigo mzito kwa mgonjwa wa kisukari. Mafuta yanayoelea juu ya supu yaenguliwe kwa kijiko.

Mgonjwa wa jongo ajihadhari na supu ya utumbo, maini na figo, kwani nyama za ndani zina wingi wa purini, ambazo mwilini huzalisha asidi ya uriki. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine akumbuke kuwa supu ni maji: bakuli moja huhesabiwa katika kiasi cha maji alichoruhusiwa kwa siku. Mtori, supu maarufu ya ndizi na nyama, una potasiamu nyingi. Figo zilizoshindwa kazi haziwezi kuitoa, na potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Chipsi mayai

Hakuna chakula kilicholitambulisha jiji hili kwa vijana kama chipsi mayai, ambacho wengine hukiita zege. Viazi hukaangwa katika mafuta mengi, kisha humiminiwa mayai na kukaangwa tena. Mlo huo una wanga na mafuta kwa wingi, mboga zake ni kachumbari kidogo tu, na mara nyingi hunyunyiziwa chumvi mara mbili: wakati wa kukaanga viazi na wakati wa kula. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga ina 4. Hiyo ndiyo sababu sahani ndogo ya vyakula vya kukaanga hunenepesha kuliko sahani kubwa ya vyakula vya kuchemsha.

Mafuta yaliyotumika kwa siku nyingi huwa meusi, mazito na yenye povu, na hutoa moshi mapema. Mafuta ya aina hiyo yamekwisha kuharibika na hubeba kemikali zisizofaa kwa mishipa ya damu. Mteja ana haki ya kutazama karai kabla hajaagiza. Asiyeweza kukiacha chakula hiki aagize nusu ya viazi na mayai yaleyale, aombe kachumbari nyingi, chumvi asiwekewe, na afanye hivyo mara moja moja badala ya kila usiku.

Feri: samaki na pweza

Soko la samaki la Feri, pale Kivukoni panapoanzia pantoni za Kigamboni, ni mahali pa kujionea jinsi jiji linavyolishwa na bahari. Mteja hununua samaki na kumkabidhi mkaangaji palepale. Samaki ni chaguo jema kwa moyo, na aliyechomwa au kupikwa mchuzi ni bora kuliko aliyezamishwa katika mafuta. Vibua, wanaouzwa kwa bei nafuu, wana mafuta ya omega-3 kama walivyo samaki wa bei kubwa.

Lipo onyo moja ambalo halifahamiki vya kutosha. Jodari na vibua wasipohifadhiwa kwenye baridi mara baada ya kuvuliwa, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini, na kuwapika hakuiondoi. Dawa ya isoniazidi, inayotumiwa kutibu na kukinga kifua kikuu, huzuia mwili kuivunja histamini hiyo. Mgonjwa anayeitumia anaweza kupata joto kali usoni, maumivu ya kichwa, muwasho na mapigo ya moyo kwenda mbio muda mfupi baada ya mlo. Wengi hudhani wana mzio wa samaki au wamedhuriwa na dawa, na baadhi huacha dawa. Mhudumu wa kifua kikuu anapaswa kulisema jambo hili siku ya kwanza: mgonjwa achague samaki wa aina nyingine kwa kipindi chote cha dawa, na akipata dalili hizo aende kituoni, asiache tiba.

Jioni, pembezoni mwa barabara nyingi, huuzwa pweza na supu yake, ikisifiwa kuongeza nguvu za kiume. Pweza ni chanzo kizuri cha protini, lakini hakuna ushahidi wa kitabibu wa kutosha kuthibitisha sifa hiyo. Jambo lenye ushahidi ni hili: upungufu wa nguvu za kiume unaweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya kuziba kwa mishipa ya moyo. Mwanamume anayekimbilia supu ya pweza kila jioni kwa sababu hiyo hana haja ya kuchekwa. Apimwe sukari na shinikizo la damu.

Mishkaki, kuku na nyama choma

Katikati ya mji, karibu na makutano ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, moshi wa mkaa huanza kupaa jioni. Mamboz ni miongoni mwa majina yanayotajwa sana hapo kwa kuku wa kuchoma na mishkaki. Hatua chache kutoka hapo, kwenye Mtaa wa Chagga, Chef's Pride imejulikana kwa miaka mingi kwa vyakula vya kawaida vya Kiswahili na vya Kihindi. Ufukweni Coco Beach, Oysterbay, familia hukusanyika mwisho wa wiki kula mihogo na mishkaki huku upepo wa bahari ukivuma. Sinza na Tabata nako ni maarufu kwa nyama choma.

Kuchoma hupunguza mafuta, jambo lenye faida. Nyama isiachwe iungue hadi kuwa nyeusi, kwa kuwa masizi yake yana kemikali zinazohusishwa na saratani. Sehemu zilizoungua zikatwe na kutupwa. Ngozi ya kuku ina mafuta mengi, hivyo mgonjwa wa moyo aivue. Nyama ya kuku iliyo nyekundu karibu na mfupa irudishwe jikoni bila haya, kwani Salmonella na Campylobacter hufa nyama inapofika nyuzijoto 70 au zaidi hadi ndani kabisa. Muhogo uchomwe au uchemshwe badala ya kukaangwa, na chumvi ya pilipili ipakwe kidogo. Mwenye jongo ajue kuwa nyama choma kwa bia ni mchanganyiko unaoweza kumwamsha usiku kwa maumivu ya kidole gumba cha mguu.

Kuhusu kitimoto, hatari iko katika nyama isiyoiva. Vifuko vya mchanga wa tegu vikiliwa vikiwa hai huota na kuwa tegu tumboni. Mtu mwenye tegu hutoa mayai katika choo, na mayai hayo yakiingia katika chakula au maji ya mtu mwingine, huweza kufika katika ubongo na kusababisha kifafa. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe maishani mwake anaweza kuugua, endapo aliyemwandalia chakula ana tegu na hakunawa mikono. Nyama iive vizuri, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Vitafunio, urojo na vyakula vya jirani

Bagia, kachori, katlesi, sambusa na urojo ni ushahidi wa karne nyingi za watu wa pwani kuishi na wageni waliofika na pepo za kaskazi na kusi. Migahawa ya Kihindi ya katikati ya mji na Upanga huuza vyakula visivyo na nyama, na mgonjwa hupata humo dengu, kunde na choroko zilizopikwa kwa ustadi. Dengu kwa chapati moja isiyo na mafuta ni mlo mzuri kwa mwenye kisukari. Sambusa na katlesi zihesabiwe kuwa chakula, si kitu cha kupitisha muda: mbili au tatu pamoja na chai tayari zimefikia kiasi cha mlo. Urojo hujumuisha viazi, bagia, kachori na uji wa unga, yaani wanga na vya kukaanga katika bakuli moja. Mwenye kisukari anayeutamani aombe bakuli dogo, bagia moja na mchuzi wa ukwaju usiotiwa sukari.

Mikocheni ipo Addis in Dar, mgahawa wa Kihabeshi unaojulikana na wakazi na wageni. Injera ya asili hutengenezwa kwa nafaka ya tefu, ambayo haina gluteni, na michuzi ya dengu na mboga inayowekwa juu yake ni yenye afya. Mazingatio ni mawili. Injera huliwa katika sinia la pamoja, hivyo ni vigumu kujua mtu amekula kiasi gani. Mgonjwa wa kisukari ajikatie fungu lake mwanzoni. Pili, kitfo, nyama ya kusagwa ya Kihabeshi, kwa desturi huliwa mbichi au ikiwa imepashwa moto kidogo tu. Mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu aiombe ikiwa imeiva kabisa.

Vinywaji

Mara nyingi mgonjwa huchagua chakula kwa uangalifu, kisha huharibu hesabu kwa kinywaji. Soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Juisi ya miwa na juisi za matunda zilizoongezwa sukari haziko mbali na hapo, hata zikiitwa za asili. Barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyo salama hubeba vimelea vilevile vilivyokuwamo katika maji.

Dafu ni kinywaji kizuri kwa mtu mwenye afya anayetokwa na jasho, lakini lina potasiamu nyingi na halimfai mwenye figo zilizoshindwa kazi. Kahawa chungu ya Kariakoo, inayomiminwa kutoka birika la shaba katika vikombe vidogo, haina madhara ya sukari. Kashata inayoandamana nayo ndiyo yenye sukari. Chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu asubiri saa moja au mbili ndipo anywe chai, na mlo wake aukamulie limau, kwani vitamini C huongeza ufyonzwaji huo.

Dawa na wakati wa kula

Mgahawani chakula huchelewa. Mgonjwa anayechoma insulini ya kutangulia mlo asiichome mara anapoagiza, bali chakula kinapofika mezani, isipokuwa daktari wake amemwelekeza vinginevyo. Anayemeza glibenklamaidi asimeze na kisha akaruka mlo. Dalili za sukari kushuka ni jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kudunda na kuchanganyikiwa. Tiba ya haraka ni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha kupima tena baada ya dakika 15 na kula mlo kamili. Hapa soda huwa dawa, na wahudumu wa mgahawa wafahamu kwamba mteja wa namna hiyo si mlevi. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo anayetumia warfarini hakatazwi mboga za majani, ingawa wengi huamini hivyo. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Linalotakiwa ni kiasi cha mboga kisibadilike sana kutoka wiki moja hadi nyingine. Mtu aliyekuwa akila mboga kila siku kijijini, kisha akafika jijini na kula chipsi kwa wiki tatu, atakuta kipimo chake cha kuganda kwa damu kimebadilika bila kubadilisha dozi, na anaweza kutokwa damu. Mhudumu anayeona badiliko la namna hiyo aulize kwanza kuhusu mlo.

Usafi: mambo ya kutazama

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi ulikumbusha kila mmoja kwamba usafi wa chakula ni suala la uhai. Mgonjwa wa kisukari, anayetibiwa saratani, anayeishi na VVU, mzee na mtoto mdogo huumizwa zaidi na vimelea ambavyo mtu mwenye nguvu angevishinda kwa kuharisha siku moja.

Ubora wa mahali haupimwi kwa vigae wala viyoyozi. Meza ya mama lishe yenye sufuria zinazotoka mvuke inaweza kuwa salama kuliko ukumbi wa kifahari wenye chakula kilichopoa. Mambo ya kutazama ni haya:

Kwanza, maji ya kunawa yawe ya kutiririka, na sabuni iwepo. Beseni moja linalonawisha watu kumi husambaza uchafu wa mmoja kwa wote.

Pili, chakula kiwe cha moto. Vimelea huzaana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali una hatari yake: ukiachwa nje kwa saa nyingi, bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiharibu.

Tatu, kisu na ubao wa nyama mbichi visitumike kukatia kachumbari. Anayeshuku aache kachumbari na aombe mboga iliyopikwa, au ale tunda analolimenya mwenyewe, kama chungwa au ndizi.

Nne, anayepokea fedha asiwe yule anayeshika chakula kwa mkono mtupu.

Tano, vyombo vioshwe kwa maji safi na kufunikwa, na nzi wasiwe wenyeji wa mahali hapo.

Sita, wateja wawe wengi. Chakula kinachokwisha mapema hakipati nafasi ya kuchacha.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mazungumzo ya lishe kliniki yaanze kwa maswali badala ya makatazo. Maswali manne yanatosha: Mgonjwa anakula wapi asubuhi, mchana na usiku? Nani anampikia? Ana fedha kiasi gani kwa mlo mmoja? Dawa anaimeza saa ngapi, na chakula anakipata saa ngapi? Majibu ya maswali haya huchukua dakika chache na humwezesha mhudumu kutoa agizo linalotekelezeka. "Punguza wanga" ni maneno yasiyo na sura kwa fundi wa Buguruni. "Kwa mama lishe wako omba wali nusu, maharage na mchicha, soda badilisha na maji" ni agizo analoweza kulitekeleza kesho.

Ni vyema pia kila kituo cha afya kiwafahamu mama lishe na baba lishe waliokizunguka. Hao ndio wanaowalisha wagonjwa wa nje, ndugu wanaouguza, na hata wauguzi wa zamu. Maafisa afya huwatembelea kukagua usafi. Ziara hizo zinaweza pia kubeba elimu ya kupunguza chumvi katika sufuria, kubadilisha mafuta ya kukaangia, na kuuza sahani yenye mboga zaidi. Mama lishe mmoja akipunguza chumvi katika sufuria yake, amewasaidia watu wengi kwa mkupuo bila kuandika cheti hata kimoja.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aseme ukweli kuhusu alichokula, kwa kuwa daktari asiyejua hilo huongeza dozi pasipo haja. Na anapoketi mezani asione aibu kuomba apunguziwe hiki na kuongezewa kile, maana analipia mlo huo, na mwili utakaoupokea ni wake.